Jukumu Kwanza, Intaneti Baadaye: Juu ya Uchunguzi wa Kuongozwa katika Ufundishaji Shuleni

0. Utangulizi

Mwalimu wa historia anayewaagiza wanafunzi wake kuandika kurasa tatu juu ya mwanzo wa mji wa Lubumbashi, akiwaruhusu kutumia intaneti, kwa kawaida hupokea karatasi zinazofanana kama mapacha. Mwaka 1910 umo katika kila karatasi, jina la Elisabethville limo, Union Minière imo, na hata makosa ya herufi ni yale yale, kwa kuwa wote wamenakili ukurasa mmoja. Hapo wanafunzi hulaumiwa kwa uvivu, au mashine hulaumiwa kwa kuwaharibu. Lawama hizo zinabisha mlango usio wake. Swali lenyewe liliomba kunakiliwa, na wanafunzi walilitii.

Makala hii inaeleza njia moja ya kufundisha ambayo ilibuniwa ili kuzuia jambo hilo. Kwa Kiingereza inaitwa WebQuest, na katika shule zinazotumia Kifaransa, hasa za Québec, imejulikana kwa jina la cyberquête. Hapa itaitwa uchunguzi wa kuongozwa. Maneno yote mawili yana uzito: ni uchunguzi, kwa hiyo jibu halikuandikwa tayari mahali fulani likisubiri kuokotwa, tena ni wa kuongozwa, kwa hiyo mwanafunzi haachwi peke yake katika msitu wa habari.

1. Asili ya njia hii

Njia hii ilianza mwezi wa Februari 1995 katika Chuo Kikuu cha San Diego State, California, nchini Marekani. Mwanzilishi wake ni Bernie Dodge, aliyekuwa akiwafundisha watu waliojiandaa kuwa walimu, na mwenzake aliyeikuza pamoja naye ni Tom March. Jinsi ilivyozaliwa inastahili kuelezwa, kwa sababu inafichua kiini chake vizuri kuliko miongozo mingi iliyoandikwa baadaye.

Dodge alitaka wanafunzi wake waifahamu Archaeotype, programu ya kompyuta inayoigiza kazi ya wachimbaji wa mambo ya kale. Kwa bahati mbaya programu yenyewe hakuwa nayo. Badala ya kusimama mbele yao na kuwahutubia juu ya kitu ambacho hawangekiona, aliwagawa katika vikundi, akawawekea mezani kila alichoweza kupata: taarifa za mradi, kurasa za intaneti, tathmini zilizokwisha kuandikwa, na nafasi ya kuzungumza na watu walioitumia. Kisha aliwapa kazi ya kuamua kama programu hiyo ingefaa katika shule ambako wangekwenda kufanya mazoezi ya ualimu, na ingetumiwaje. Kazi ilichukua saa mbili hivi, na mwalimu mwenyewe karibu hakusema kitu. Wanafunzi ndio waliozungumza, wakapima habari hii dhidi ya ile, wakabishana, wakakata shauri.

Msomaji aone kwamba intaneti ilikuwa kimoja tu kati ya vyanzo vilivyokuwa mezani. Hata katika maelezo yake ya kwanza, yaliyotolewa mwaka huo huo wa 1995, Dodge alisema kwamba katika kazi ya namna hii habari zinazotumiwa na wanafunzi hutoka kwenye intaneti, ama baadhi yake ama zote. Neno hilo «baadhi» limesahauliwa na wengi, na kusahauliwa kwake kumewafanya walimu wa shule zisizo na kompyuta kudhani kwamba njia hii haiwahusu.

Jambo lenyewe si geni kabisa. Miaka mingi kabla, nchini Ufaransa, Célestin Freinet aliingiza mashine ya kuchapa katika darasa lake la Bar-sur-Loup mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1932 yeye na wenzake walitoa Bibliothèque de Travail, mfululizo wa vitabu vidogo ambavyo mtoto angeweza kuvitumia mwenyewe kutafuta habari za kazi yake. Nchini Marekani William Kilpatrick alikwisha kueleza njia ya miradi mwaka 1918. Kilichokuwa kipya mwaka 1995 ni tatizo lililobadilika. Mwalimu wa Freinet alipungukiwa na vitabu. Mwalimu wa Dodge alianza kuzidiwa na kurasa. Tena wakati huo zana za kutafuta zilikuwa dhaifu, kwani hata Google haikuanzishwa mpaka mwaka 1998. Mwanafunzi aliyeambiwa tu «katafute» angemaliza saa nzima ya somo akizunguka. Ndiyo sababu vyanzo vilichaguliwa na mwalimu mapema: muda wa mwanafunzi utumike katika kufikiri, usiishe katika kutafuta.

2. Sehemu zake

Katika maelezo ya mwaka 1995 uchunguzi wa kuongozwa ulikuwa na sehemu sita: utangulizi unaoamsha hamu, jukumu, vyanzo vya habari, mwenendo wa kazi, hatua kwa hatua, mwongozo wa kupanga habari zilizopatikana, na hitimisho. Baadaye vyanzo na mwongozo viliingizwa ndani ya mwenendo wa kazi, ikaongezwa sehemu ya upimaji, yaani jedwali linalomwonyesha mwanafunzi tangu mwanzo kazi yake itapimwa kwa vigezo gani. Kuna uchunguzi mfupi wa kipindi kimoja hadi vitatu, na kuna mrefu wa juma moja hadi mwezi. Wanafunzi hufanya kazi kwa vikundi, na mara nyingi kila mmoja hupewa nafasi yake: mmoja ni mhasibu, mwingine ni daktari, mwingine ni mkulima, kila mmoja akisoma vyanzo kwa jicho la kazi yake.

Orodha hiyo ni rahisi kuikariri, na hapo ndipo ilipo hatari. Walimu wengi waliichukua kama fomu ya kujaza. Waliandika «utangulizi», wakaandika «jukumu», na chini ya jukumu wakaweka maswali kumi ambayo jibu la kila moja limo katika ukurasa fulani. Kazi ya namna hiyo ni zoezi la zamani lililovikwa nguo mpya.

3. Jukumu

Sehemu zote hazilingani. Jukumu ndilo roho ya kazi, na likiwa bovu, jedwali zuri la upimaji haliokoi kitu. Mwaka 1999 Dodge alitoa uainishaji wa majukumu wenye aina kumi na mbili. Ya kwanza ni kusimulia upya yale yaliyosomwa, na yeye mwenyewe aliiona kuwa dhaifu kuliko zote. Zimo pia kukusanya, kufumbua fumbo, kuandika kama mwandishi wa habari, kubuni kitu, kufikia mwafaka kati ya watu wenye mawazo tofauti, kumshawishi msikilizaji fulani, na kutoa hukumu yenye sababu.

Tofauti kati ya aina hizo inaweza kupimwa kwa swali moja: je, mwanafunzi anaweza kumaliza kazi hii kwa kuhamisha maneno kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine? Anapoambiwa «eleza ugonjwa wa malaria», anaweza. Anapoambiwa kwamba kata yake ina fedha za jambo moja tu, ama vyandarua, ama kuzibua mifereji, ama dawa katika kituo cha afya, na kikundi chake kimwandikie mkuu wa kata barua ya ukurasa mmoja kumshauri, hawezi. Hakuna ukurasa wenye jibu hilo. Atalazimika kusoma habari za mbu, za gharama na za mtaa wake, kisha azigeuze kuwa kitu ambacho hakikuwapo. Tom March alisisitiza jambo hilo katika maandishi yake: kama habari haikugeuzwa kichwani mwa mwanafunzi, kazi hiyo haistahili jina lake.

Ukweli huu umezidi kuwa mkali tangu mwisho wa mwaka 2022, programu za akili bandia zinazotunga maandishi zilipoanza kuenea. Leo kusimulia upya si kazi hata ya dakika moja. Mashine huifanya, tena kwa Kiswahili kinachosomeka. Jukumu linalotegemea mahojiano na bibi wa jirani, au ramani iliyochorwa na wanafunzi wenyewe, au uamuzi ambao kikundi kitautetea kwa mdomo mbele ya darasa, bado linawahitaji watu.

4. Mfano: maandishi ya ukumbusho wa tarehe 9 Desemba 1941

Mfano ufuatao umepangwa kwa ajili ya madarasa ya juu ya sekondari mjini Lubumbashi. Umechaguliwa kwa sababu vyanzo vyake vipo, baadhi yake ni vya Kiswahili, na havikubaliani.

Mwezi wa Desemba 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière du Haut-Katanga waligoma wakidai mishahara, kwa maana bei za vitu zilikuwa zimepanda. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hesabu rasmi ya serikali ya kikoloni haikufika watu 50. Hesabu nyingine zinakwenda juu zaidi.

Jukumu ni hili: wanafunzi wanne watunge maandishi ya kibao cha ukumbusho, kwa Kiswahili, yasiyozidi maneno 60, na wote wanne wayatie sahihi. Wakishindwa kukubaliana juu ya neno moja, waandike pembeni kwa nini.

Mwanafunzi wa kwanza anapewa kurasa za wanahistoria zinazoeleza taarifa za serikali na za kampuni. Wa pili anapewa mazungumzo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye miaka ya 1973 na 1974 alimchorea na kumsimulia Johannes Fabian historia yote ya nchi kwa picha zaidi ya mia moja, mauaji hayo yakiwamo. Mazungumzo hayo yalifanywa kwa Kiswahili, na maandishi yake yamewekwa kwenye intaneti katika hazina ya Kiswahili cha watu wa kawaida iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam; picha zilitolewa katika kitabu mwaka 1996. Wa tatu anakwenda kwa wazee wa Kamalondo, wa Kenya au wa Katuba. Walioshuhudia mwaka 1941 ni wachache mno sasa, lakini watoto wao wapo, na walisikia mengi.

Wa nne ni mlinzi wa lugha. Huyu anapewa pia Vocabulaire de ville de Elisabethville, andiko la mwaka 1965 lililotungwa na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, likachapishwa tena na Fabian na wenzake mwaka 1990. Andiko hilo linasimulia mji chini ya Wabelgiji kwa macho ya watu waliowapikia na kuwafulia. Hati zake hazifuati kanuni za Sanifu hata kidogo. Kazi ya mwanafunzi wa nne ni kuamua kibao kitaandikwa kwa Kiswahili gani: je, kitasema «walikufa», kama vitabu vya shule, au «balikufa», kama wangesema wafu wenyewe na jamaa zao?

Kwa wasomaji wa jarida la masomo ya Kiswahili, swali hilo la mwisho pengine ni zito kuliko hesabu ya maiti. Kijana wa Lubumbashi hufika shuleni akiwa na Kiswahili cha nyumbani, na mara nyingi huambiwa kwamba si Kiswahili. Hapa kwa mara ya kwanza anakuta lugha ya babu yake imekuwa hati ya historia, inayosomwa Amsterdam na Chicago. Tena hawezi kukwepa kuamua. «Kufa» na «kuuawa» ni maneno mawili. «Waliuawa na askari» na «waliuawa kwa amri ya» ni sentensi mbili, na nyuma ya kila moja kuna mtu atakayeuliza: mna ushahidi gani? Katika maneno 60 hakuna mahali pa kujificha. Mwanafunzi anayenakili ukurasa wa wanahistoria atapata maneno mia mbili na atalazimika kukata, na katika kukata ndipo atakapoanza kufikiri.

Hatua nazo ziandikwe wazi. Kipindi cha kwanza: kila mmoja anasoma chanzo chake na kujaza karatasi yenye maswali manne tu, yaani nani anasema, lini, alijuaje, na anasema waliuawa wangapi. Kipindi cha pili: wanne wanaweka karatasi zao pamoja na kupigia mstari kila wanapotofautiana. Siku mbili katikati zinaachwa kwa ziara za wazee. Kipindi cha tatu ni cha kutunga, na cha nne ni cha kutetea mbele ya darasa. Jedwali la upimaji lisimpe alama nyingi aliyepata hesabu «sahihi» ya wafu. Limpe yule anayeweza kusema kwa nini aliandika hesabu ile, au kwa nini hakuandika yoyote.

5. Jukwaa la waashi

Karatasi ile yenye maswali manne ni mfano wa kile ambacho wataalamu David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walikifananisha mwaka 1976 na jukwaa la waashi. Ukuta unapojengwa, fundi husimama juu ya mbao. Ukuta ukikauka, mbao huondolewa. Mwanafunzi aliye mgeni katika kazi ya mwanahistoria hajui kwamba chanzo lazima kiulizwe «ulijuaje?». Anaulizwa kwa maandishi leo, ili mwakani ajiulize mwenyewe. Jukwaa lisiloondolewa huwa gereza, na hilo nalo limeonekana: baadhi ya kazi zilizotungwa kwa jina la njia hii zimejaa maagizo madogo madogo hata mwanafunzi habaki na la kuamua.

6. Hoja za wanaoipinga

Uchunguzi wa kuongozwa umepata wapinzani, na hoja zao si za kudharauliwa. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walitoa makala kali dhidi ya mafundisho yanayomwacha mwanafunzi agundue mwenyewe. Walisema kwamba akili ya anayeanza ina nafasi ndogo ya kushika mambo mapya kwa wakati mmoja, na kumrundikia kutafuta, kuchagua na kufikiri kwa pamoja ni kumzamisha. Mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver, Ravit Golan Duncan na Clark Chinn walijibu kwamba uchunguzi wenye msaada uliopangwa vizuri hauhesabiki miongoni mwa mafundisho yasiyo na mwongozo. Jibu hilo lina nguvu, lakini kwa sharti moja: mwongozo uwepo kweli, usiwe kichwa cha habari tu.

Juu ya matokeo yenyewe, Jason Abbitt na John Ophus walipitia tafiti zilizokuwapo mpaka mwaka 2008. Walikuta dalili njema upande wa hamu ya wanafunzi na wa kufanya kazi pamoja, lakini haikuthibitika kwamba njia hii inawapa wanafunzi maarifa mengi kuliko njia nyingine. Mwalimu anayetazamia kwamba wanafunzi wake watapata alama nyingi zaidi katika Mtihani wa Taifa, wenye maswali ya kuchagua jibu, basi asidanganyike. Mtihani ule haupimi uwezo wa kutetea maneno 60.

Hoja ya tatu inauma zaidi. Mwalimu akichagua vyanzo vyote mwenyewe, mwanafunzi atajifunza lini kutofautisha chanzo kizuri na kibaya? Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho katika kazi ya kupima kurasa za intaneti. Wahakiki waliwashinda wote, kwa sababu hawakukaa katika ukurasa wakiusifu au kuukosoa. Waliuacha upesi, wakafungua kurasa nyingine ili kujua nani ameuandika. Wanahistoria wenyewe, pamoja na elimu yao, walidanganywa na kurasa zilizopambwa vizuri. Ustadi huo haupatikani kwa kupewa vyanzo vilivyochujwa. Yafaa basi mwalimu awape wanafunzi vyanzo vitatu vizuri na kimoja chenye mashaka bila kuwaambia ni kipi, au katika kazi ya pili ya mwaka awaachie kutafuta chanzo kimoja wao wenyewe na kueleza walivyokihakiki.

7. Kurasa zinazokufa, na karatasi zinazobaki

Kazi nyingi zilizotungwa miaka ya kwanza hazifunguki tena. Kurasa zilizotegemewa zilihamishwa au kufutwa, na uchunguzi wote ukavunjika kama daraja lililoondolewa nguzo. Yeyote anayetunga kazi ya namna hii na ahifadhi nakala ya kila ukurasa na tarehe aliyoisoma, akiheshimu haki za wenye maandishi.

Katika mji ambako umeme hukatika na fedha za kununua mega ni za kuhesabu, tahadhari hiyo inageuka kuwa njia ya kufundishia. Mwalimu mmoja mwenye simu anaweza kusoma mazungumzo ya Tshibumba nyumbani usiku, kuchagua kurasa tatu, na kuzichapisha. Darasa la wanafunzi 48 lina vikundi 12. Majalada manne ya rangi tofauti kwa kila kikundi, kila jalada likiwa na karatasi tatu, ni karatasi 144, na majalada yale yale yatatumika tena mwakani. Kinachohitaji muda mrefu ni kutunga jukumu, na kwa kazi hiyo mwalimu hahitaji umeme. Walimu wawili au watatu wa shule moja, mmoja wa historia, mmoja wa Kifaransa na mmoja anayekijua Kiswahili cha mji, wanaweza kulijaribu wao kwanza: wakae chini na majalada manne, watunge maneno 60, na kuona kama watakubali kutia sahihi.